Kipimo Inaenda na Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza ya kazi, mukono ilikataa. Ilikuwa ku Beni, mu atelier ya hospitali, nyuma ya jikoni ya bagonjwa, fasi tulikuwa tunatengeneza bitanda, béquilles, ile magongo ya kutembelea, na miguu ya miti. Chef d'atelier, muzee moja mufupi mwenye sauti ya kuita batu ng'ambo ya mulima, aliniwekea mbele mulimaji moja aliyekatwa muguu chini ya goti. Akanitupia mètre. "Pima ile muguu imebakia," akasema, "kutoka ku goti mupaka chini." Nikapiga magoti, nikafungua mètre. Mukono haikwenda. Jasho ikanitoka, na ule mulimaji akaanza kuniangalia na huruma. Yeye mwenye kukosa muguu anihurumie mimi mwenye nayo mbili!

"Kasereka, ni nini? Muguu inakuogopesha?"

"Unisamehe, Chef. Sijapima bado mutu mwenye kupumua."

Batu ya atelier bakacheka sana. Kisha moja wao akakumbuka fasi nilitoka, akaacha kucheka. Chef akaniuliza polepole: "Kwenu banafanyaka kazi gani?"

"Masanduku ya maiti, Chef. Ku Butembo."

"Ohoo," akasema. Akachukua mètre, akapima mwenyewe.

Ninyi bijana munaokuja kuniuliza namna gani mutu anajifunza hii kazi ya appareillage, ndio kusema kazi ya kumutengenezea mutu kiungo ile amekosa, munafikiri nitaanza na masomo. Hapana. Masomo ilikuja nyuma. Mimi nilijifunza miguu ya bazima kwa njia ya bafu, bale balikwisha kufa, mu nyumba ya baba yangu. Kama munataka kusikia, mukae chini muzuri na muzime zile téléphone.

Baba yangu alikuwa menuisier, fundi ya mbao. Batu ya Butembo balimuita Muzee Katembo. Atelier yake ilikuwa karibu na muto Kimemi, na mbao yake ilitoka ku Masereka, kule juu ku baridi, fasi babu yetu alipanda pori ya mikalitusi. Alitengenezaka meza, bitanda na milango, lakini ile ilitulisha na kutusomesha ni masanduku. Mutu akikufa, familia inatuma mujumbe. Baba anasimama, anavaa koti, anashuka ku Kimemi kukata tete, ule mwanzi mwembamba ya ku maji. Hakupima maiti na mètre hata siku moja. "Mètre ni ya mbao," alisemaka. "Mutu haiko mbao."

Kila maiti ilikuwa na tete yake, mubichi, ya kukatwa ile siku. Baba aliilaza kando ya maiti, akaikata sawasawa na urefu yake, akairudisha mu atelier, na sanduku ikatengenezwa kwa ile. Mbele ya kupiga misumari ya mwisho, alivunja tete bipande mbili ku goti yake na kuilaza ndani, upande ya mukono ya kushoto. Kipimo inaenda na mwenyewe, njo sheria ya kwanza. Tete ikibakia mu atelier bila kuvunjwa, ile ni mulango imeachwa wazi, na hujui nani atapita.

Kulikuwa na sheria zingine. Hapana kutengeneza sanduku mbele ya mutu kufa. Kwetu hukuona sanduku moja tupu imesimama inangoja, kama vile munaona leo ku barabara. Hapana kuelekeza tete kwa mutu muzima. Siku moja dada yetu Masika alijilinganisha na tete kwa muchezo, juu ya kuona kama ameongezeka. Baba alimupiga kofi, kisha akakaa chini ku mavumbi ya mbao akalia, yeye baba, mbele yetu sote. Ile kofi tulisahau. Ile kulia hatukusahau.

Mutasema ni mambo ya bazee. Basi musikie ile nilijionea na macho yangu. Commerçant moja, muuzaji ya bitenge, mutu ya muchezo mingi, alikuja kununua kabati. Akaona tete imeegemea ukuta, ilikuwa imekatwa ku muto saa ile. Akaishika, akaisimamisha kando yake, akachukua kisu ku meza na kuikata sawa na kichwa yake. "Muzee Katembo, kazi yako imeisha! Unifungie tu!" Akacheka mupaka machozi. Baba alimunyanganya ile tete, akaitia mu moto, akamuuzia kabati.

Hakufa, ule commerçant. Musikimbie mbele yangu. Aliishi myaka mingi, akajenga nyumba ya étage, ghorofa. Mais kutoka ile siku, kila tete baba alikata ku Kimemi ilikuwa urefu ya ule commerçant. Baba alichagua ndefu, akachagua fupi, akafunga macho na kushika ile mukono imepata: akifika ku atelier na kuisimamisha ku mulango, ni ule mutu. Kwa maiti fupi, alipunguza. Kwa maiti ndefu, alifunga matete mbili na kamba. Na baba akikutana na ule commerçant mu njia, alimusalimia muzuri, akauliza habari ya bibi na batoto, lakini macho yake ilikuwa chini, ku bidole ya miguu yake mwenyewe. Nilimuuliza sababu. Akanijibu: "Macho yangu imezoea kupima. Nisimuongezee."

Commerçant akakufa siku moja ya soko, na kilio ikajaa ku nyumba ya étage. Kesho yake baba alinituma mimi ku muto. Matete ilikuwa imechanganyika tena, ndefu na fupi, sawa matete ya fasi yote. Nilisimama pale mu maji mupaka magoti ikaganda.

Sasa munaelewa ile mukono yangu ku Beni.

Nilimaliza école professionnelle, shule ya ufundi, kwa bafrère ya misheni, na yaya yangu Kambale, mukubwa wangu, njo alibakia ku atelier na baba. Mimi nilipata kazi ya hospitali. Baba hakufurahi. Alinisindikiza mupaka ku barabara, akanishika bega, akasema: "Unaenda kupima bazima, Kasereka. Mimi sitakuzuia. Mais mimi, usinipime hata siku moja. Wala na mètre, wala na mukono, wala na macho." Nikaapa. Niliapa haraka, sawa kijana mwenye kuona camion inataka kuondoka.

Ku kazi, kesho ya ile haya, nilipata akili. Ule mulimaji alirudi. Nikamupa mwanzo ya mètre mu mukono yake. "Shika hapa, baba, ku goti. Vuta mwenyewe mupaka chini. Unajipima, mimi ninasoma tu." Akajipima. Nikasoma, nikaandika. Chef d'atelier alikuwa amesimama ku mulango na kikombe ya chai. "Ni mambo ya bachawi ya Butembo hii?" akauliza. Kisha akaangalia namna mugonjwa amekaa, ametulia, anashika mètre sawa mwenye mali. "Aya. Fanya vile," akasema. Nilifanya vile mupaka retraite, mupaka kustaafu, na bale nilifundisha banafanya vile hata leo, bila kujua inatoka wapi.

Muguu ya muti iko na sehemu tatu, nikisema kwa urahisi. Kuko emboîture, ndio kikombe ile kisiki ya muguu inaingia. Kuko nguzo ya katikati. Na kuko ukanyagio. Ugumu yote iko ku kikombe: ikibana, kisiki inapata kidonda, ikilegea, mutu anaanguka. Siku hizi munafanya na plâtre na plastiki, na mashini inawasaidia. Sisi tulichonga. Tulipaka moshi ya taa ndani ya kikombe, mugonjwa anaingiza kisiki, anatoa; fasi imeshika mweusi njo fasi inabana, unachonga pale. Unarudia na kurudia. Mutu anavaa muguu sawa vile anajaribu kiatu. Mushike hii neno ya moshi, nitairudilia.

Balinituma Mutwanga, ku buteremko ya Rwenzori, ku centre de santé, kituo ya afya, ile ilikuwa inaongozwa na Masera Intendante, mutawa moja mukali, mwenye kuvaa botte ya mvua hata ku misa. Pale njo nilijifunza ile hakuna shule inafundisha. Mugonjwa akikufa, familia ilirudisha muguu. Hawakutaka kuzika muti na mutu. Basi tulikuwa na ukuta ya miguu, imetundikwa ku misumari, inangoja kama kuko mwenye itamufaa. Mimi nilitundika ncha ya ukanyagio ikiangalia ukuta, sawa vile baba alitufundisha kulaza biatu ya maiti. Asubui tukifungua, zingine bilikuwa binaangalia mulango.

"Ni upepo," Masera akasema.

"Dirisha ilifungwa, Masera."

"Basi ni panya." Akaangalia ukuta muda kidogo, akapiga ishara ya musalaba ndogo sana, sawa mutu anayefukuza nzi. "Utundike tena, Kasereka. Na mutu asiambie bagonjwa."

Hatukuambia. Nilitundika kila jioni, nikageuza kila asubui, na kwa kusema kweli nilizoea. Mutu anazoea. Kisha Médecin Directeur ya Beni akaniita kurudi, akanipa atelier yote juu ya Chef alikuwa amezeeka. Ilikuwa myaka ya vita na bagonjwa balikuwa mingi. Aliniambia: "Wewe hauna haraka na batu. Njo sababu ninakuchagua." Ule alikuwa daktari muzuri, Mungu amuweke. Sikumuambia kama kukosa haraka nilijifunza kwa bale hawana tena saa.

Sasa ninafika ku muguu ya baba.

Sukari ilimushika baba akiwa muzee kabisa. Kidole moja ikakuwa mweusi, kisha nyayo, na ku hospitali ya Butembo bakamukata muguu ya kushoto chini ya goti. Kwetu muguu hautupwi. Yaya Kambale alikata tete, akapima ile muguu, akatengeneza sanduku ndogo ya mukalitusi na misumari yake yote, akaipeleka Masereka, akaizika kando ya babu, mu fasi ile baba mwenyewe atalala. Vizuri sana. Mais baba alirudi nyumbani, na muguu ile haiko ikaanza kumuuma.

"Bidole binajikunja," alisema. "Kuko baridi. Maji inaingia."

Nilimueleza sawa daktari alinieleza mimi: kichwa ya mutu bado haijakubali kama kiungo imeenda, inaendelea kuitafuta. Na ni kweli, nimeona bagonjwa wengi vile. Baba alisikiliza yote, akakubali na kichwa, kisha akasema: "Mvua imenyesha leo ku Masereka." Tukapiga simu. Mvua ilikuwa imenyesha ku Masereka.

Na ku Masereka kulikuwa maneno ingine. Cousin ya baba, ndio kusema ndugu ya ukoo, alianza kukata mikalitusi yetu. Alisema ile pori babu alimuachia baba yake. Bazee ya kule bakakaa, bakaamua kwa desturi: Muzee Katembo aje, azunguke mipaka yake mbele ya majirani. Mupaka haionyeshwi na kidole. Haionyeshwi kwa kubebwa ku tipoy, ile kiti ya mabega, wala ku pikipiki. Inaonyeshwa na miguu, bila biatu, fasi kwa fasi, ukitaja kila alama. Mwenye hawezi kutembea mupaka yake, pori haiko tena yake. Bila ile pori, Kambale hana mbao. Bila mbao, atelier ya baba inakufa, na batoto ya Kambale banakula nini?

"Baba," nikamuambia, "unipe ruhusa nikutengenezee muguu."

"Uliapa."

"Niliapa, baba. Mais pori inaenda."

"Iende. Mutoto anayepima baba yake anamuita. Mimi sijaitwa bado."

Alikuwa amelala ku kitanda, anashika blanketi fasi muguu ingekuwa, anaibana sawa mutu anayeshika mutoto asianguke. Nilitoka inje, nikalia nyuma ya nyumba, mutu muzima na mvi zangu. Kambale alinifuata. Akakaa kando yangu. Kisha akasema: "Kasereka, kuko kitu sikumuambia baba. Ile tete ya muguu. Sikuivunja."

"Juu ya nini?"

"Ningeivunja namna gani? Mwenyewe anapumua! Kuvunja kipimo ni kumaliza mutu. Nikaogopa. Na kuiacha vilevile nikaogopa. Iko ku dari ya atelier, katikati ya mbao."

Haikukuwa kosa ya mutu. Sheria ya baba ilifanywa kwa mutu muzima muzima, aliyekufa yote. Hakuna aliyefikiria mutu mwenye kufa kipande. Tukaingia pamoja, tukamuambia baba. Nilifikiri atapiga kelele. Aligeukia ukuta, na nikaona uso yake inafunguka, sawa mutu amepata funguo ilikuwa mu mufuko.

"Kumbe," akasema. "Ile muguu haijui kama imekufa."

"Tuivunje, baba?" Kambale akauliza.

"Ukiivunja, utavunja na mimi. Hapana. Mupatie ile muguu kazi."

Njo hapo nilielewa. Kipimo ya baba ilikuwa tayari, na hakuna mutoto alimupima akiwa mbele yake; Kambale alipima kitu ya kuzikwa. Nikashusha tete ku dari. Ilikuwa imekauka, rangi ya nyasi ya paa. Nikachukua mbao ya grevilia, nyepesi, nikachonga nguzo na ukanyagio kwa urefu ya ile tete, bila mètre, sawa baba alinifundisha. Ku katikati nilitoboa tundu ndefu, nikaiingiza ndani. Kipimo inaenda na mwenyewe. Ku kikombe nilipaka moshi ya taa, na baba akajaribu sawa kiatu, akatoa, nikachonga pale imeshika mweusi, akajaribu tena. Sikumugusa na kipimo hata moja. Bidole ya ukanyagio sikuchonga. Sisi hatukuchongaka bidole, inakuwa laini tu mbele, sawa kijiko.

Alisimama. Alishika mabega yetu mbili, akasimama, akafunga macho. "Joto," akasema. "Imeanza kupata joto."

Tukapanda Masereka na gari ya jirani. Ilikuwa asubui ya ukungu, udongo imelowa, bazee bamekaa ku mawe na makoti yao. Ndugu ya ukoo alikuwa pale, mikono mu mifuko, anacheka kidogo. Baba alitoa kiatu yake moja. Akaanza. Alitembea polepole, na fimbo, anaita kila alama: hapa jiwe ya babu, hapa muti ulipigwa na radi, hapa fasi tulizika mbwa. Hakuna mutu alimushika. Ku buteremko nilifunga macho, niliomba Bikira Maria na bote bale ninajua. Baba akashuka. Akapanda upande ingine. Akazunguka pori yote mupaka ku jiwe alianzia, akakaa juu yake, jasho inamutoka mu baridi. Muzee mukubwa ya kilima akasema: "Tumeona." Ndugu ya ukoo akaondoka bila kuaga.

Kambale njo alinivuta koti. "Angalia chini," akasema. Niliangalia nyuma, ku njia ile baba alipita, mu udongo laini. Muguu ya kuume: nyayo, na bidole. Muguu ya kushoto: nyayo, na bidole. Tano, bimefunguka muzuri, sawa ya mutu mwenye kupumzika.

Jirani moja akasema labda mutu alipita pale mbele yetu ile asubui. Inawezekana. Njia ni ya batu bote. Mimi na Kambale hatukubishana naye. Kutoka ile siku baba hakulalamika tena baridi ya Masereka, hata wakati ya mvua kubwa.

Alitembea na ule muguu mupaka mwisho yake. Alikuwa anakuja ku atelier kila siku, anakaa ku benchi, anagombeza bafundi. Kisha Ebola ikaanza ku Mangina, ikashuka Beni, ikaingia Butembo, na kila mutu aliyekufa, hata wa uzee, alizikwa na équipe ya mavazi meupe. Sanduku zilikuja tayari, zote urefu moja. Kambale aliona zinapita ku camionnette, tupu, zinangoja batu, na akaingia ndani kufunga mulango. Sisemi kama walikosea. Ile ugonjwa ilikuwa kali, na bale bijana ya équipe balikuwa batoto yetu, balitukanwa na kupigwa mawe bure. Ninasema tu ile tuliona.

Baba akakufa mu ile wakati, mu usingizi yake, ku uzee yake. Équipe ikaja. Hatukuruhusiwa kumugusa wala kumukaribia. Kambale alisimama mu parcelle, inje ya nyumba, na tete mubichi mu mukono, aliikata ku Kimemi akijua haitamusaidia, na alikuwa analia sawa mutoto: "Muzee Katembo anaenda bila kipimo! Yeye! Yeye aliyepima muji yote!" Sijasikia kitu ya kunikata roho sawa ile.

Muguu ya muti ilikuwa imebakia ku atelier. Baba alikuwa ameitoa mbele ya kulala ile jioni ya mwisho, juu nilikuwa nimekuja kuibadilishia mukanda. Nilikimbia, nikafungua kikombe, nikaingiza kidole mu tundu, nikavuta tete. Haikutaka kutoka. Nikavuta na koleo. Ikatoka, na mizizi.

Sijui namna ya kuiandika ingine. Ile tete ilikaa mu dari, ikakauka, ikakaa mu muti myaka na baba. Ku upande ya juu ilikuwa kavu sawa zamani. Ku upande ya chini, ya bidole, ilikuwa mubichi: jicho moja ya kijani, na mizizi meupe, myembamba, imejikunja ndani ya ukanyagio. Nilimuonyesha Kambale. Aliacha kulia. Akaishika na mikono mbili, akauliza: "Tunavunja?"

"Sheria ni kuvunja, yaya."

Akaivunja ku goti yake. Ilitoa sauti mbili: ya kukauka, na ya kitu mubichi. Nilimuomba chef ya équipe, kijana mwenye adabu, sauti yake inatoka nyuma ya masque, kama tunaweza kutia kipande ya tete mu sanduku. "Ni ya nini, baba?" akauliza. Nikasema: "Ni kipimo yake." Alifikiri kidogo, akanyoosha mukono yenye gant, akachukua ile nusu kavu, akailaza mwenyewe ku upande ya kushoto. Ile wema yake sitaisahau. Nusu ya kijani, Kambale aliipanda nyuma ya atelier.

Leo niko retraité. Nilirudi Butembo, ninakaa karibu na yaya, na bijana ya Beni banakujaka kuniuliza neno ya kikombe na ya kisiki. Ninawajibu ile ninajua. Mukiniuliza kama ningechagua kazi ingine, kama ningetaka kuzaliwa ku nyumba ya wauza maziwa ao ya bacommerçant, ninasema hapana. Baba alinifundisha kama mutu haiko mbao, na ile neno imelisha miguu mingi.

Nyuma ya atelier kuko sasa shamba ndogo ya matete. Kambale hashuki tena ku Kimemi, anakatia pale. Zilikuwa zinaota vizuri, ndefu na fupi, sawa batu.

Juzi, mvua ilipokwisha, nilimukuta kule anakata. Alikuwa ameshika moja. Akaisimamisha kando ya ingine, kisha kando ya ile ya tatu, akaweka zote chini, akakata ingine mbali, ku pembe, akaisimamisha vilevile. Zote sawasawa, za kufika ku kichwa yangu.

"Wavukire, yaya," nikamusalimia.

Alinijibu muzuri sana. Akauliza habari ya bibi yangu, na batoto bote, moja moja kwa majina. Macho yake ilikuwa chini, ku bidole ya miguu yake.

Nikarudi nyumbani, nikaomba karatasi kwa mujukuu, nikaanza kuandika hii.